Je, wajua kwa nini kashata inaweza kumvimbisha mtoto aliyekula karanga za kuchemsha bila shida?

Mwezi wa nne, mvua zikielekea ukingoni, karanga mbichi hufika soko la Majengo hapa Dodoma zikiwa bado na udongo kwenye maganda. Dada yangu huzichemsha na chumvi kidogo. Mwanawe wa miaka minne alikuwa akizila kizingitini, akimenya moja moja, bila lolote kumpata. Siku moja akapewa kipande cha kashata. Hata hakukimaliza. Midomo ilivimba, vipele vikatapakaa shingoni na mgongoni, na pumzi ikaanza kutoa mluzi. Tulimkimbiza hospitali, akachomwa sindano ya adrenalini, na baada ya dakika chache kifua kikafunguka. Usiku ule dada akaniuliza: "Kaka, si karanga zilezile? Mbona za kuchemsha hazikumfanya kitu?"

Karanga ni zilezile, ila protini zake zilikuwa zimebadilika umbo, na mzio unafuata umbo.

Protini ni uzi mrefu wa asidi amino uliojikunja mpaka ukawa fundo lenye vilima na mabonde yake. Mwili wa mwenye mzio una kingamwili iitwayo IgE, iliyogunduliwa katika miaka ya 1960 na Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na kwa upande mwingine Gunnar Johansson na Hans Bennich huko Sweden. IgE haijui hii ni karanga au ni chavua. Inachofanya ni kupapasa sehemu ndogo ya uso wa protini, kama mtu anayetambua sarafu gizani kwa vidole. Ikiukuta mlima na bonde inaoukumbuka, inashika.

Sasa ukishikwa tu, bado hakuna kitu. IgE hukaa juu ya seli za masti, aina ya seli za kinga zilizojaa vifuko vya histamini, kemikali inayoleta uvimbe. Wanaolima kwa ng'ombe Ugogoni wataelewa haraka: ng'ombe mmoja hapa na mwingine pale hawavuti jembe mpaka nira iwaunganishe. Protini ya karanga ndiyo nira. Ikishikwa na IgE mbili kwa wakati mmoja, kila moja kwenye sehemu yake, seli inapata ishara na vifuko vinapasuka. Histamini inamwagika, mishipa inavuja, midomo inavimba, njia ya hewa inabana. Naomba msomaji aishike nira hiyo na ng'ombe wake, yaani IgE, maana tiba zote nitakazozitaja zinapambana na kimojawapo.

Protini hatari kuliko zote ndani ya karanga inaitwa Ara h 2. Herufi hizo zimetoka kwenye jina la kisayansi la karanga, Arachis hypogaea, na hypogaea maana yake ni "chini ya ardhi", kama mkulima yeyote wa Kongwa au Bahi anavyoijua. Ili kuliona umbo la protini, watafiti huigeuza kuwa fuwele, mfano wa chembe ya chumvi, kisha wanaipiga eksirei na kusoma jinsi miale inavyotawanyika. Ara h 2 ilikuwa ngumu kugeuka fuwele peke yake. Watafiti wa Marekani wakaiunganisha na protini ya bakteria ambayo hugeuka fuwele kwa urahisi, na mwaka 2011 wakatangaza umbo lake: mizunguko mitano kama ya springi, imekazwa kwa vifungo vinne vya salfa. Vifungo hivyo ndivyo vinavyoifanya ivumilie tindikali ya tumbo. Chakula kingine kinasagika, yenyewe inapita ikiwa bado na sura yake.

Hapo swali la dada linajibika. Ukichemsha karanga, sehemu ya protini hutoka na kuingia kwenye maji, na maji unayamwaga. Zinazobaki, baadhi hukunjuka na kupoteza sura. Lakini ukikaanga kwa moto mkavu, kama zinavyokaangwa za kashata, sukari iliyomo ndani ya karanga inajibandika kwenye protini. Ndiyo inayoleta ile rangi ya kahawia na harufu tamu. Maabara zimeonyesha kwamba IgE za wagonjwa hushika protini za karanga zilizokaangwa kwa nguvu zaidi.

Tafadhali, mzazi asiende kumjaribu mwanawe kwa sufuria ya nyumbani. Karanga ya kuchemsha bado ina Ara h 2, na mtoto wetu angeweza kuanguka siku yoyote. Wanaotumia njia hiyo kama tiba wanafanya chini ya macho ya madaktari. Huko Australia, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023, watoto na vijana 70 walianza na karanga zilizochemshwa kwa muda wa saa 12, wakahamia zilizochemshwa kwa muda wa saa 2, wakaishia za kukaangwa, kwa dozi zinazopanda taratibu kwa mwaka mzima. Kati yao 56 walifikia dozi iliyolengwa. Baadhi walipata madhara njiani.

Njia ya pili inamfuata ng'ombe badala ya nira. Mwaka 2000 watafiti walionyesha picha ya mguu wa IgE ukiwa umekaa juu ya kipokezi cha seli ya masti. Dawa ya omalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa pumu, inashika IgE kwenye eneo hilohilo la mguu. IgE iliyoshikwa haiwezi tena kukaa juu ya seli. Uzuri wake uko hapa: IgE ambayo tayari imekaa, mguu wake umefunikwa, kwa hiyo dawa haiwezi kuiunganisha na jirani yake na kuleta balaa yenyewe. Februari 2024 iliidhinishwa kwa mzio wa chakula pia. Katika jaribio lake, asilimia 67 ya waliochomwa waliweza kula miligramu 600 za protini ya karanga, sawa na punje mbili hivi au zaidi kidogo, dhidi ya asilimia 7 ya waliopewa sindano isiyo na dawa. Ni kinga ya kuteleza kwa bahati mbaya, siyo ruhusa ya kula kashata, na ni sindano ghali inayorudiwa kila wiki mbili au nne.

Njia ya tatu ndiyo inayonipa matumaini zaidi: kuichonga upya protini yenyewe. Ukijua IgE inashika wapi, unabadilisha asidi amino chache pale usoni, au unaikunjua kabisa, ili isiwe nira tena lakini mwili uendelee kujifunza kuivumilia. Kwa chavua ya mti wa bechi (birch kwa Kiingereza), inayowasumbua watu wa Ulaya, umbo la protini yake lilijulikana mwaka 1996, na matoleo yaliyochongwa yameshajaribiwa kwa wagonjwa. Programu ya AlphaFold, iliyowapa Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Nobeli ya Kemia mwaka 2024, sasa inakadiria umbo kwa dakika badala ya miaka. Haiwezi kukuambia IgE ya mtoto fulani inashika mlima upi. Kwa hilo bado inahitajika damu ya wagonjwa wenyewe.

Kwetu kuikwepa karanga ni kazi. Kongwa, ambako Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951, wakulima wadogo bado wanazilima, na mlenda bila kuungwa karanga watu wanauona kama haujaiva. Dada amenunua sufuria ndogo na mwiko wake, ameufunga uzi mwekundu kwenye mpini. Mlenda wa mtoto unapikwa humo, kwanza, kabla mfuko wa karanga haujafunguliwa.