Je, wajua kwa nini madaftari ya mfungwa wa Mussolini bado yanasomwa?

Tarehe 4 Juni 1928, mahakama maalumu ya serikali ya Mussolini, mtawala wa kifashisti wa Italia, mjini Roma ilimhukumu Antonio Gramsci kifungo cha miaka 20, miezi 4 na siku 5. Mwendesha mashtaka anakumbukwa kwa kauli inayonasibishwa naye: lazima ubongo huu uzuiwe kufanya kazi kwa miaka 20. Mshtakiwa alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Sardinia, mfupi, mwenye kibiongo tangu utotoni, na kiongozi wa Chama cha Kikomunisti cha Italia. Alikuwa pia mbunge, lakini kinga ya bunge haikumsaidia siku alipokamatwa, Novemba 1926.

Alifariki Aprili 1937 akiwa na miaka 46. Nyuma yake aliacha madaftari 33, kurasa karibu 3,000 za mwandiko mdogo na nadhifu. Vitabu vya siasa vya miaka ile, vya wakomunisti na vya mafashisti, vingi vimebaki kuliwa na mchwa. Haya ya Gramsci yanasomwa India, Argentina, Uingereza na kwingineko, tena na watu wasiokubaliana kwa lolote jingine. Kwa nini?

Tuanze na karatasi zenyewe. Msomaji wa Kiswahili akisikia maandishi ya gerezani huenda akamkumbuka Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 na kuandika mashairi yake kwa siri kwenye karatasi za chooni. Hali ya Gramsci ilikuwa tofauti. Katika gereza la Turi, kusini mwa Italia, mfungwa namba 7047 alipewa rasmi ruhusa ya kuandika mwanzoni mwa 1929. Daftari la kwanza lina tarehe ya 8 Februari mwaka huo. Yalikuwa madaftari ya kawaida ya shule, kurasa zimegongwa muhuri wa gereza, na mkuu wa gereza angeweza kuyapekua wakati wowote. Vitabu alivyoruhusiwa kukaa navyo ndani vilikuwa vichache. Vingine vilibaki stoo. Vyenyewe vilimfikia kwa sababu rafiki yake, mwanauchumi Piero Sraffa, alimfungulia akaunti kwenye duka la vitabu la Milano ili aagize anachotaka.

Kwa hiyo aliandika akijua nani atasoma kwanza. Umarksi, yaani nadharia ya Karl Marx inayofuatwa na wakomunisti, akauita "falsafa ya matendo". Viongozi wa mapinduzi ya Urusi nao akawaficha: Lenin akamtaja kwa jina la babaye, na Trotsky kwa jina lake la kuzaliwa, Bronstein. Inaonekana kama hila tu ya kumpiga chenga askari, lakini ilikuwa na athari: mtu asiyeweza kutumia kaulimbiu za chama hulazimika kueleza anachomaanisha. Ndiyo maana mtu asiyewahi kuwa mkomunisti anaweza kuyasoma madaftari haya leo bila kuhisi anahutubiwa mkutanoni.

Ila sababu kubwa zaidi ni swali alilojiuliza. Septemba 1920 Gramsci alikuwa Torino wakati wafanyakazi walipokalia viwanda, pamoja na vile vya magari vya Fiat, wakaendesha uzalishaji wenyewe. Ilionekana mapinduzi yamefika mlangoni. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1922, aliyeingia ikulu alikuwa Mussolini, na waliomuunga mkono hawakuwa matajiri peke yao. Makarani, wenye maduka na wakulima wadogo walikuwemo pia. Umarksi wa mazoea ulikuwa umeahidi kwamba ubepari ukiyumba, wanyonge watainuka. Uliyumba, na wengi wakaenda upande wa pili. Gramsci hakuandika kumlaani adui wala kuwatukana walioshindwa. Alitaka kujua wameshindwaje.

Jibu lake linapitia kwa Machiavelli, mwandishi wa siasa wa Italia ya kale, aliyemfananisha mtawala na kiumbe nusu mtu nusu mnyama. Utawala, anasema Gramsci, una nusu mbili: mabavu na ridhaa. Polisi na jela zipo, ila dola inayotegemea virungu peke yake haidumu. Kinachodumisha ni kile alichokiita hegemonia, yaani uwezo wa tabaka moja kuyafanya maslahi yake yaonekane ni maslahi ya wote, na mtazamo wake uonekane ndiyo busara yenyewe. Kazi hiyo hufanyika shuleni, kanisani, kwenye magazeti, vyamani, hata katika riwaya za kusisimua alizozichambua kwa makini ya kushangaza.

Hapa wengi hukosea wakidhani anasema watu wamepumbazwa. Hapana. Anasema pia kwamba anayetawala kwa ridhaa hulazimika kutoa kitu: nyongeza ya mshahara, shule, nafasi serikalini. Ridhaa ina gharama. Ikianza kuonekana haina malipo, mabavu hujitokeza hadharani.

Chukua usemi wetu wa "vidole vya mkono havilingani". Hutamkwa kwa upole, mara nyingi na maskini mwenyewe, kueleza kwa nini jirani ana ghorofa naye ana kibanda. Hakuna tajiri aliyelipa usemwe. Lakini midomo hiyohiyo husema "mwenye shibe hamjui mwenye njaa", na "mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni". Gramsci angefurahia mfano huu, kwani ndivyo alivyoiona busara ya kawaida ya watu: mrundikano wa tabaka za enzi mbalimbali, zenye kupingana, na katikati yake kiini kizuri kinachoweza kukuzwa. Kwake siasa ya kweli haianzi kwa kuifuta busara hiyo na kuwahubiria watu nadharia kutoka juu. Inaanza kwa kuichambua pamoja nao. Ndiyo maana aliandika kwamba binadamu wote ni wasomi, ila si wote waliopewa na jamii kazi ya usomi.

Kutokana na hayo akapata mgawanyo wake maarufu wa vita vya kisiasa: vya kuvamia mara moja, na vya kushikilia ngome. Urusi ya 1917 dola ilikuwa ndiyo kila kitu, na taasisi za jamii nje yake zilikuwa bado changa. Wabolsheviki, yaani chama cha Lenin, wakaivamia, ikaanguka. Ulaya Magharibi dola ilikuwa handaki la mbele tu, na nyuma yake zilikuwepo ngome nyingine: shule, vyama, dini, mazoea. Ukiteka ikulu bado hujateka kitu. Huko panahitajika vita virefu vya kushikilia ngome moja baada ya nyingine, kabla ya kuchukua madaraka na hata baada ya kuyachukua.

Mawazo kama haya hayakupendwa Moscow, makao ya uongozi wa wakomunisti duniani, ambako kuanzia 1928 msimamo ulikuwa kwamba ubepari uko ukingoni na wasoshalisti wa kawaida ni adui sawa na mafashisti. Mwishoni mwa 1930 Gramsci aliwaambia wakomunisti wenzake wafungwa kwamba Italia itahitaji kwanza bunge la katiba pamoja na vyama vingine. Baadhi yao walimsusa. Mwaka huohuo viongozi watatu wa chama walifukuzwa kwa kupinga msimamo wa Moscow. Nina hakika kwamba ukuta uliomfunga ndio pia uliomkinga: uraiani angelazimika kunyamaza au kufukuzwa, na kitabu tunachokizungumzia kisingekuwepo.

Lakini tusilipambe gereza. Lilimuua. Alipoteza meno, alikosa usingizi kwa miaka, Agosti 1931 alitapika damu, Machi 1933 alianguka selo. Mkewe Giulia na wanawe wawili walikuwa Urusi. Mtoto wa pili hakuwahi kumwona. Aliyemhudumia ni shemejiye, Tatiana Schucht. Alipohamishwa kutoka Turi Novemba 1933, mfungwa mwenzake Gustavo Trombetti alisimulia kwamba Gramsci alimpigisha soga askari huku yeye Trombetti akiyachomeka madaftari ndani ya sanduku la safari. Baada ya kifo ni Tatiana aliyeyahifadhi, na hatimaye yakafika Moscow. Chama kiliyachapa kati ya 1948 na 1951 yakiwa yamepangwa kwa mada, utadhani mwandishi alikusudia vitabu sita. Toleo linalofuata mpangilio wa madaftari yenyewe lilitoka 1975.

Na tangu hapo kila mtu amejichotea. Wanahistoria wa India wakiongozwa na Ranajit Guha walichukua dhana yake ya watu wa tabaka la chini, wasiokuwa na sauti kwenye kumbukumbu za dola, wakaandika upya historia ya wakulima chini ya Waingereza. Stuart Hall, Mjamaika aliyeishi Uingereza, aliitumia hegemonia kueleza jinsi Margaret Thatcher, waziri mkuu wa kihafidhina wa Uingereza, alivyopata kura za wafanyakazi aliowabana. Nchini Ufaransa, Alain de Benoist wa mrengo wa kulia aliwafundisha wafuasi wake kwamba utamaduni hutekwa kabla ya serikali. Hilo la mwisho huwaudhi wana-Gramsci wengi, ila sioni la kushangaza: anayeeleza vizuri jinsi ridhaa inavyojengwa atasomwa na kila anayetaka kuijenga. Kosa la de Benoist ni kuuacha uchumi nje, wakati kwa Gramsci hegemonia isiyo na mguu kiwandani ni maneno matupu.

Anayetaka kumsoma asianze na madaftari. Yamekatikakatika, wazo linaanzia daftari la 1 na kumalizikia la 13. Aanze na barua zake za gerezani, zilizochapishwa 1947. Humo yumo anayemweleza mama yake kwamba hakufungwa kwa wizi bali kwa fikra zake, na baba anayewasimulia wanawe hadithi za wanyama wa Sardinia.