Jiko la makaa chumbani, na mengine wazee wa Molo wanayoambiana kuhusu baridi

Ukifika mwezi wa sita, foleni ya kliniki yetu hapa Molo hujaa makabuti, mashuka na kofia za sufu. Ukungu hushuka kutoka upande wa msitu wa Mau, na umande wa mashamba ya viazi huuma vidole hadi saa nne asubuhi. Tuko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyefanya kazi Mombasa au Kisumu maisha yake yote, akastaafu akiwa na miaka 60 na kurudi huku kujenga, ana haki ya kulalamika. Baba na mama wamebaki wawili, watoto wako Nakuru na Nairobi, nyumba ni ya mbao na upepo unapenya kwenye mianya. Siwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba baridi ni mawazo tu.

Hata hivyo, ninachokiogopa zaidi kama muuguzi ni namna tunavyoikimbia hiyo baridi. Na kuna dhana moja ambayo msimu huu nimeisikia hadi nimechoka, kwa waliosoma na wasiosoma sawasawa.

“Makaa yakishashika na moshi ukaisha, jiko halina madhara ndani”

Si kweli. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua watu usingizini.

Moshi una adabu yake: unawasha macho, unakukohoza, unakulazimisha ufungue mlango. Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu na haiwashi popote. Makaa huitoa tangu yanaposhika hadi yanapozimika kabisa, hata yakiwa yamefunikwa na majivu na unaona kama yamelala. Kadiri chumba kinavyofungwa na hewa inavyopungua, ndivyo makaa yanavyozidi kuitoa. Kwa hiyo mzee anayewasha jiko uani, akalipepea, akasubiri liwe jekundu ndipo aliingize chumbani, ameacha nje kile ambacho kingemwamsha na ameingiza kile kisichomwamsha mtu.

Ikifika mapafuni, gesi hii huingia kwenye damu na kuishika hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Damu inaendelea kuzunguka, moyo unaendelea kupiga, lakini oksijeni haifiki inakotakiwa. Ubongo na moyo ndivyo vinavyoumia kwanza. Kijana mwenye moyo mzima anaweza kuamka na kichwa kizito tu. Mzee mwenye presha, au ambaye mishipa ya moyo wake imeanza kuziba, gesi kiasi hichohicho inaweza kumletea maumivu ya kifua au kummaliza. Kumbuka pia kwamba katika mwinuko wetu, oksijeni tunayovuta ni pungufu kwa takriban robo kuliko ile ya pwani. Hatuna akiba ya kuchezea.

Majuzi waliingia mwalimu mstaafu na mkewe. Mama ndiye aliyeandikisha, anaumwa kichwa kila asubuhi na tumbo linamchafuka. Alishapimwa malaria kwingine, hakuna kitu, akapewa dawa za maumivu. Nikamwuliza mzee, aliyekuwa amekaa kando kama msindikizaji: “Na wewe, baba, kichwa?”

“Changu ni kidogo tu, daktari. Nikienda kukamua ng’ombe kinaisha.”

Hapo ndipo nikauliza kuhusu jiko. Wakatazamana. Mama akasema, “Lakini sisi huweka sufuria ya maji juu yake.”

Hiyo sufuria ya maji! Sijui nani aliianzisha, ila imeenea kila kijiji. Watu wanaamini maji yanainyonya gesi. Kaboni monoksidi karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji. Asubuhi utapata maji ya vuguvugu ya kunawa uso, basi, na gesi yote imebaki kwenye hewa mliyoivuta usiku kucha. Kitunguu kilichokatwa na kuwekwa kando ya jiko hakifanyi chochote. Limau pia halifanyi chochote.

Wengine huniambia kwamba nyumba ya mbao inapumua yenyewe, haiwezi kujaa gesi. Ingekuwa kweli kama mianya ingeachwa ilivyo. Ukiingia katika vyumba vya kulala vya hapa mwezi wa saba utaona magazeti yamesokotwa na kupachikwa kati ya mbao, gunia limekunjwa chini ya mlango na kitambaa kimezibwa kwenye tundu la juu ya dirisha. Tumeziba kila mahali, halafu tunategemea mianya tuliyoiziba. Wapo wanaosema gesi hukaa chini nao kitanda chao kimeinuliwa. Gesi hii ina uzito unaokaribiana sana na wa hewa. Hupanda na joto la jiko na kuenea chumba kizima. Na wapo wa “tumefanya hivi tangu tuoane.” Hao ndio wagumu zaidi kuwageuza. Usiku mmoja upepo ulikuwa mkali ukapita ndani, usiku mwingine makaa yalikuwa machache, mwaka huu mmebadilisha mlango na huo mpya unafunga barabara. Mambo yakibadilika, miaka ya zamani haiwakingi.

Jambo ambalo ningependa kila familia ilishike ni hili: watu wawili wanaolala chumba kimoja wakiamka wote na kichwa kizito, kizunguzungu au kichefuchefu, kisha wakapata nafuu wakishatoka nje, shukuni jiko kabla ya kushuku malaria, presha au chakula cha jioni. Mkifika hospitalini semeni wazi kwamba mmelala na makaa. Msingoje kuulizwa. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba gesi hii. Kinaweza kuandika 98, namba ya mtu mwenye afya, huku mtu anazama. Mhudumu asipoambiwa habari za jiko, anaweza kuwarudisha nyumbani kwa jiko lilelile.

Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua milango, mtoe nje mara moja, mlaze kwa ubavu, na mmpeleke hospitalini apewe oksijeni kwa barakoa. Kwa hewa ya kawaida gesi huchukua saa 4 hadi 6 kupungua kwa nusu tu mwilini; kwa oksijeni hospitalini hupungua hivyo kwa saa moja au moja na nusu hivi. Usimpe maziwa. Najua maziwa ni dawa ya kila sumu katika nchi hii, lakini sumu hii haikupitia tumboni, na mtu mwenye usingizi mzito akinyweshwa maziwa yanaweza kumwingia kwenye mapafu. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, mpelekeni. Wengine hupata nafuu, kisha baada ya siku au wiki kadhaa wanaanza kusahau, kuchanganyikiwa au kutembea vibaya, na watoto wakija Disemba wanasema, “Baba amezeeka ghafla.”

Basi tulale na baridi? La. Oteni moto jioni jikoni au sebuleni, mlango na dirisha vikiwa wazi kiasi cha hewa kupita, na jiko litoke nje kabla ya mtu yeyote kwenda kulala. Litoke kabisa, kulisogeza kwenye korido hakusaidii. Mwenye uwezo na aweke jiko lenye bomba la kutoa moshi juu ya paa, na bomba likaguliwe viungo na masizi. Na usiku, pasheni mwili badala ya chumba. Kofia ya sufu na soksi kitandani. Nalisema hili hadi wagonjwa wangu wananitania, lakini kichwa chenye mvi chache na miguu isiyopata damu vizuri hupoteza joto usiku kucha. Sweta mbili nyembamba zinashinda moja nzito, kwa sababu hewa iliyokaa katikati yake ndiyo inayohifadhi joto. Chini ya godoro tandika blanketi kuukuu au makaratasi mazito, maana baridi nyingi ya kitandani hutoka chini. Kisha mle chakula cha usiku cha moto, hata kama mko wawili tu na mama anaona uvivu kupikia watu wawili.

Likizo ya Agosti huwa inanikosesha raha kwa sababu moja zaidi. Wajukuu wanakuja kutoka mjini hawajazoea baridi, na shosho kwa mapenzi yake anawaingizia jiko chumbani. Watoto huvuta hewa haraka kuliko sisi, na binti aliye mjamzito ana hatari mara mbili, kwani mtoto aliye tumboni huathirika hata mama yake akijisikia nafuu.

Mengine nayapitia haraka.

“Chupa ya maji moto haiwezi kumdhuru mtu.” Inafaa, ila ifungwe taulo, na maji yasiwe yanayochemka. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni aitumie kupasha kitanda, kisha aitoe kabla ya kuingia. Nimesafisha vidonda vya visigino vilivyotokana na chupa ambayo mwenyewe hakuihisi ikimuunguza, na vinachukua miezi kupona.

“Kikombe kimoja cha pombe hupasha mwili.” Kinakupasha ngozi. Pombe hufungua mishipa ya juu, joto la ndani linatoka nje, unajisikia vizuri huku mwili unapoa. Ukitoka baa usiku wa Molo kwa miguu, unatembea ukipoteza joto.

“Nimonia huletwa na baridi.” Huletwa na vimelea. Chumba kilichofungwa chenye moshi na watu wanaokohoa huvisaidia sana, na mapafu yaliyovuta moshi wa kuni miaka 40 hujitetea kwa shida. La muhimu kwa wanaoishi na mzee: nimonia ya mzee inaweza kuja bila homa. Ukiona guka hataki kula, anapumua haraka na anaongea mambo yasiyoeleweka, usisubiri apate joto ndipo umlete.

“Wakati wa baridi mwili hauhitaji maji.” Baridi hukukojoza zaidi, na kiu ya mzee huwa imepungua hata ukiwa na upungufu wa maji. Ukiongeza vidonge vya presha vinavyotoa maji, unapata kizunguzungu cha kuamka usiku na kuanguka karibu na choo cha nje. Kama maji baridi hayashuki, kunyweni ya vuguvugu. Hata chai inahesabika, ila sukari muiangalie.

“Magoti yakiuma kwa baridi, kaa utulie.” Goti lililochakaa likikaa linazidi kukakamaa. Nendeni sokoni wenyewe badala ya kutuma kijana wa boda. Au inuka kwenye kiti bila kushika mikono, mara kumi, kabla ya chai.

Ya mwisho inanikera karibu sawa na ya jiko: “Presha yangu imeshuka, kwa hiyo nimeacha dawa.” Imeshuka kwa sababu unameza dawa. Na ukiacha mwezi wa sita unachagua wakati mbaya, maana baridi hubana mishipa na kupandisha presha. Wengi waliohamia huku kutoka sehemu zenye joto hushangaa dozi iliyowatosha Mombasa haitoshi hapa. Warudi kupimwa, wasijiongezee wenyewe. Kutumia dawa ya mwenzako kwa sababu nyote mna presha pia hakufai. Mume na mke hulala kitanda kimoja lakini figo zao na moyo wao si sawa.

Na kipimo chenyewe kifanywe sawasawa. Nimewaona wahudumu wa vibanda vya kupimia wakifunga ule mkanda juu ya sweta, au wakikunja mkono wa sweta juu hadi unabana mkono, halafu namba inayotoka ndiyo mtu anayoitumia kuamua kama ataendelea na dawa. Mkanda unafungwa kwenye ngozi, au juu ya shati jepesi mno kama hakuna budi. Kaa kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipandanisha, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, bila kuongea. Usiwe umetoka kunywa kahawa au kupanda kilima, na kibofu kiwe kitupu. Namba ikiwa 140/90 au zaidi, rudia baada ya dakika chache, kisha andika zote mbili kwenye daftari na uje nalo. Na siku ya kuja, mama, vaa blauzi yenye mkono mpana chini ya hizo sweta.