Gitaa la roki halijipigi lenyewe

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya Mombasa: eti mpiga gitaa wa roki anayebadilisha gitaa kila baada ya nyimbo mbili hajui kupiga, magitaa yake yametegwa yajilie yenyewe. Si kweli. Hubadilisha kwa sababu kila gitaa limetyuniwa kivyake, yaani nyuzi zimekazwa au kulegezwa zitoe sauti tofauti.

Gitaa la kawaida hutyuniwa E-A-D-G-B-E (herufi ni majina ya sauti), kuanzia uzi mnene, ambao ni wa sita. Legeza uzi wa sita na wa kwanza hadi D, na wa tano hadi G, unapata D-G-D-G-B-D. Sasa ukizikwaruza nyuzi zote bila kushika popote, inalia kodi ya G, yaani sauti kadhaa zinazopatana zikilia pamoja (siyo ile ya mwenye nyumba). Azima gitaa, fungua programu ya kutyuni kwenye simu, usikie mwenyewe.

Laza kidole kimoja juu ya nyuzi zote kwenye freti ya tano (freti ni vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), ni C. Ya saba, D. Hapo ndipo watu hudhani kuna ujanja. Lakini mdundo, na kunyamazisha nyuzi zisizotakiwa, ni kazi ya mikono.

Mbona asityuni palepale jukwaani? Huchukua muda, na uzi uliolegezwa sasa hivi huhamahama sauti. Basi gitaa la pili hukaa pembeni, tayari.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.