Je, wajua kwa nini picha ya baada ya mionzi husubiri miezi mitatu?

Mwanamke anayetibiwa saratani ya mlango wa kizazi akimaliza mionzi, hamu yake ni kujua jambo moja tu: nimepona? Jibu analopewa mara nyingi humkera: rudi baada ya miezi mitatu upigwe picha. Wengi hudhani ni foleni ya hospitali. Safari hii foleni haihusiki.

Mionzi haiui seli ya saratani papo hapo. Huharibu DNA yake, na seli hiyo huweza kuendelea kuonekana nzima mpaka inapojaribu kugawanyika. Hapo ndipo hushindwa na kufa. Kwa hiyo uvimbe unaweza kuwa umekwisha habari yake na bado ukaonekana mkubwa kwenye picha. Isitoshe, nyama iliyopigwa mionzi huvimba, na seli za kinga zinazokuja kusafisha hutumia sukari nyingi, kama saratani yenyewe.

Hiyo sukari ndiyo inayopimwa na PET, picha inayoonyesha mahali mwilini panapotumia sukari nyingi. Kipimo hiki hakijali sana ukubwa wa uvimbe. Kinapima ulafi wake. Mgonjwa hukaa bila kula kwa muda wa saa 6 hivi, hudungwa glukosi (aina ya sukari) iliyoungwa na florini-18, yaani florini inayotoa mionzi ambayo mashine huiona, kisha hulala ametulia kwa karibu saa nzima, maana akitembeatembea misuli nayo itaichukua sukari hiyo. Kabla ya kupanda mashineni huambiwa akakojoe. Si adabu ya hospitali tu: sukari hiyo hutoka kwa mkojo, na kibofu kiko mbele kabisa ya mlango wa kizazi. Kikijaa hung'aa mpaka kikaficha kinachotafutwa.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 92 waliotibiwa kwa mionzi na dawa, kisha wakapimwa kwa PET wiki 8 hadi 16 baadaye. Kati ya wale ambao picha haikuonyesha doa lolote linalowaka, asilimia 78 walifikisha miaka 3 bila ugonjwa kurudi. Kati ya waliobakiwa na doa palepale pa awali, waliofika hapo walikuwa asilimia 33. Kati ya waliotokewa na doa jipya kwingine: asilimia 0. Wanawake 92 si wengi, lakini tofauti ya namna hiyo haihitaji miwani kuiona.

Ila miezi mitatu ni mirefu, na daktari angependa kujua tiba ikiwa bado inaendelea. Hapa MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, ina mbinu yake, ya kufuatilia maji. Ndani ya uvimbe seli zimebanana, kwa hiyo maji hayapati pa kupita. Seli zikianza kufa, nafasi hufunguka na maji hutembea kwa urahisi zaidi, hata kabla uvimbe haujasinyaa vya kutosha kuonekana. Kwa maoni yangu njia hii inatufaa zaidi Afrika Mashariki, kwa sababu MRI zimeenea kuliko PET. Nguvu ya florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi, kwa hiyo huwezi kuiagiza mbali na kuiweka stoo. Lazima itengenezwe karibu, kwenye mashine iitwayo saiklotroni, kama ile ya Hospitali ya Aga Khan jijini Nairobi.

Doa linalowaka nalo si hukumu. Hata maambukizi ya kawaida huwaka. Ndiyo maana daktari makini akiliona hatangazi chochote kwanza. Huchukua kinyama kikapimwe maabara. Kikithibitika kuwa saratani, na haijatoka nje ya nyonga, wapo wagonjwa ambao upasuaji bado unaweza kuwaponya, na ni upasuaji mkubwa unaotakiwa kufanywa mapema.