Mapafu hayazoei moshi wa kiwanda: maswali na majibu

Swali: Kwenye moshi wa kiwanda kinachoumiza hasa ni nini?
Jibu: Ni vumbi laini mno, chembe zake hazizidi maikromita 2.5, yaani unywele mmoja ni mnene kama mara 30 ya hapo. Vumbi kubwa linanaswa puani, hili linashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na jingine linaingia kwenye damu, ndo maana mbali na pumu linaleta pia shambulio la moyo na kiharusi.

Swali: Mbona mimi nimekaa karibu na kiwanda miaka mingi na nimeshazoea?
Jibu: Hujazoea. Narudia tena, hujazoea. Pua ndo imezoea harufu, mapafu yanaendelea kuumia kimyakimya. Ninaowapokea hospitali wakiwa hoi wengi walianza hivohivo, kikohozi wanasema ah ni moshi tu, pumzi ikikata kwenye ngazi wanasema ni umri, anakuja kuletwa hawezi hata kumaliza sentensi na hapo tunakimbizana na oksijeni wakati angewahi tungeanza na inhela tu, ile dawa ya kifua ya kuvuta kwa mdomo. Na inhela haikufanyi teja jamani, acheni kuwatisha wenzenu.

Swali: Lakini sheria za kuchuja moshi si zinaua ajira?
Jibu: Gharama ipo, tusidanganyane. Mitambo ya kuchuja ni hela nyingi, na kiwanda kikuukuu kinaweza kufungwa, na mtu asiye na kipato naye afya yake inayumba kwahiyo hilo lazima lihesabiwe. Ila hesabu wanayoipiga wengi inaishia kwenye bei ya mtambo, gharama za hospitali hawazihesabu. Mwaka 2011 EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, ilikadiria kwamba marekebisho ya 1990 ya sheria yao ya hewa safi yatagharimu kama dola bilioni 65 kwa mwaka ifikapo 2020, faida kama dola trilioni 2, na sehemu kubwa ya faida hiyo ni vifo vya mapema vilivyozuiwa. Ni makadirio, na kuupa uhai bei kunabishaniwa sana, lakini hata ukiikata faida hiyo mara kumi bado inaizidi gharama.

Swali: Kuna ushahidi nje ya makaratasi?
Jibu: Upo. Bonde la Utah, Marekani, kiwanda cha chuma kilisimama kuanzia 1986 hadi 1987 kwa mgogoro wa wafanyakazi. Watoto waliolazwa kwa magonjwa ya kifua wakapungua sana, kilipowashwa wakaongezeka tena. Walikuwa wamezaliwa na moshi ule ule, na hawakuuzoea.

Swali: Nisubiri mpaka lini ndo nije?
Jibu: Usisubiri! Kikohozi kikifika wiki mbili njoo upimwe. Pumzi ikikata ukiwa umekaa, kifua kikibana, midomo ikibadilika rangi, au mbavu za mtoto zikiingia ndani akivuta pumzi, njoo saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Kitambaa puani hakizuii vumbi hili. Na ukifika sema unafanya kazi gani na unakaa karibu na kiwanda gani ili tuandike kwenye faili, maana wagonjwa wasioandikwa hivyo hawaingii kwenye hesabu ya anayepanga sheria.