Miwati haimaliziki kwa siku moja

Mzee mmoja wa upande wa Makete, katika kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, aliniuliza swali mbele ya watu huku ameegemea mpini wa shoka. "Mwanangu, tangu nasoma tunaambiwa ukikata mti, panda mti. Leo umekuja na karatasi unatuomba tukate. Tushike lipi?" Watu wakaangua kicheko. Nilicheka nao, nikajibu kwa haraka haraka, na njia nzima ya kurudi Mbeya nikawa najisuta kwamba sikumjibu. Hapa najaribu tena kueleza kwa nini nawaomba watu wajitolee kukata miti ya muwati na mimea mingine vamizi, na namna ya kuifanya kazi hiyo.

Uwanda wa Kitulo uko kwenye mwinuko wa takribani mita 2,600. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ulikuwa wa kwanza katika Afrika ya kitropiki kuhifadhiwa hasa kwa ajili ya mimea wala si wanyama. Ndani yake kuna aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za maua ya okidi, na mingi kati ya mimea hiyo inaishi kwenye nyasi, juani, bila kivuli cha mti. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tukiona uwanda mtupu tunadhani ni msitu uliokatwa, tunataka kuufunika kwa miti. Lakini nyasi zile ni za asili kama ulivyo msitu wa Mlima Rungwe. Zinapokea mvua, zinaiachia ardhi iinywe polepole, na maji hayo yanashuka hadi kwenye Mto Ruaha Mkuu unaojaza mabwawa ya Mtera na Kidatu. Msindano uliopandwa Sao Hill, Mufindi, ni mali ya watu na unasomesha watoto. Msindano uleule ukiota wenyewe katikati ya nyasi za Kitulo unageuka mvamizi.

Wala si kila mmea mgeni ni mvamizi. Mahindi ni mgeni, viazi mviringo ni wageni, hata parachichi lililowapa watu wa Njombe na Rungwe nyumba za bati ni geni. Yaache mahindi bila mtu wa kuyapanda na kuyapalilia, baada ya misimu michache hutayaona. Mmea vamizi ni ule usiohitaji mpanzi: unajisambaza wenyewe, unaziba jua, unawafukuza wenyeji wa pale, na ukishakolea hautoki kwa kuombwa.

Katika nyanda zetu za juu, huo ni muwati kabla ya mwingine wowote. Kitaalamu unaitwa Acacia mearnsii, na kwao ni kusini mashariki mwa Australia. Uliletwa kwa sababu ya magome yake, ambayo hutoa dawa ya kusindikia ngozi za wanyama, na kampuni kubwa ya kuulima ilianzishwa Njombe mwaka 1949. Baadaye watu wakagundua kwamba unatoa kuni nzuri, mkaa mzuri na nguzo za kujengea, ukahamia kwenye mipaka ya mashamba na kwenye makorongo. Leo umo kwenye orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya zaidi duniani, pamoja na lantana na magugu maji. Huko Afrika Kusini serikali ilianza mwaka 1995 kuwaajiri wananchi kuondoa miti vamizi, muwati ukiwemo, kwa sababu ilikuwa inakausha mito.

Nguvu ya muwati iko ardhini. Mti mmoja hudondosha mbegu nyingi mno, na mbegu hizo zina ganda gumu linaloweza kuzitunza udongoni hata miaka 50. Zinalala tu zikisubiri. Kinachoziamsha vizuri kuliko kitu kingine ni moto, kwa sababu joto hupasua lile ganda. Ndiyo maana anayefyeka miwati na kuichoma mwezi wa tisa, mvua za mwezi wa kumi na mbili zikinyesha anakuta miche imejaa kama mchicha uliomwagwa. Anasema amerogwa. Hajarogwa, amejipalilia kitalu mwenyewe.

Nami niliwahi kujipalilia changu, ingawa bila kiberiti. Kundi la kwanza la kujitolea nililolisimamia nililipeleka moja kwa moja kwenye kichaka kinene kuliko vyote. Tulifanya kazi kwa nyimbo, kama mgowe, ile kazi ya pamoja ya Wahehe na Wabena, na jioni tukapiga picha tumesimama juu ya lundo la magogo. Picha ilipendeza. Hatukurudi. Miaka miwili baadaye pale palikuwa na vijiti vingi vya muwati vilivyosongamana kiasi kwamba mbuzi hapiti, na ile miti michache tuliyoipuuza upande wa juu ilikuwa imeanza kushusha mbegu kwenye eneo ambalo awali lilikuwa safi.

Kwa hiyo siku hizi naanza kinyume. Tunaanzia ilipo miti michache iliyotawanyika, ile iliyo mbali na kichaka, hasa upande wa juu wa mto na upande unaotokea upepo. Hiyo ndiyo itakayozaa vichaka vya kesho, na watu ishirini wanaweza kuimaliza kwa asubuhi moja. Kichaka kinene kinasubiri, tunakila kutoka pembeni kwenda katikati. Wanakijiji wengi hawapendi utaratibu huu kwa sababu jioni hakuna lundo la kuonyesha, na mwenyekiti akija kukagua anauliza mmefanya nini. Mpelekeni aone.

Mche uliofika magotini unang'olewa kwa mkono wakati udongo una maji, ukishikwa chini kabisa karibu na ardhi na kuvutwa wima. Kiangazi utakatika mkononi. Ulionenepa kama mkono wa mtu ukatwe usawa wa ardhi, kisha kisiki kimenywe gome lote hadi kwenye mizizi, la sivyo kinaweza kuchipua. Mti mkubwa si lazima uangushwe. Menya gome kuuzunguka, kuanzia usawa wa kiuno hadi chini, usibakize hata uzi mmoja wa gome la kijani, kwa sababu uzi huo utaulisha mti wote. Utakauka ukiwa umesimama, na siku moja utaanguka, kwa hiyo usifanye hivyo kando ya njia ya watoto wa shule. Msumeno wa injini waachieni waliofundishwa. Na kama maganda ya mbegu yameshakomaa, msiburute matawi juu ya nyasi. Tandikeni turubai, kusanyeni hapo.

Msindano ni rahisi zaidi. Ukikatwa chini ya tawi la chini kabisa hauchipui tena. Mbegu zake zina bawa na zinakwenda na upepo, kwa hiyo tafuteni wazazi wake, mara nyingi ni mstari wa miti ya zamani iliyopandwa kuzuia upepo.

Lantana ndiyo wanayoijua watu wa Mbeya mjini na vilima vyake: maua ya rangi mbili tatu kwenye kichwa kimoja, majani yenye harufu kali, miiba midogo inayokwaruza. Wengine bado wanaipanda kama ua la uzio. Ng'ombe au mbuzi akiila sana ini linaharibika, na ngozi yake haivumilii jua tena, inababuka. Matunda mabichi ni sumu hata kwa mtoto, ilhali ndege hula yaliyoiva na kuyapanda kila wanapotua. Kuifyeka kwa panga ni kuipogoa tu. Vaeni glovu, chimbeni shina na ule uvimbe wa mizizi ulio chini yake, kisha vitundikeni juu ya mawe vikauke visiguse udongo.

Alizeti pori, ile yenye maua ya njano kando ya barabara ya kwenda Tukuyu, ina faida moja inayonifanya niionee haya kidogo: majani yake ni mbolea nzuri sana ya kijani. Yatumieni kabla haijatoa mbegu. Ila vipande vya shina vikiachwa kwenye udongo wenye unyevu vinaota, kwa hiyo vikaushwe kwanza.

Nikirudi kwenye uwanda wa nyasi, nina katazo moja ambalo huwa silegezi: msiingie na jembe. Chini ya nyasi zile kuna viazi vya okidi, vilevile ambavyo vimekuwa vikichimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Jembe likipita mara moja linakata mimea iliyochukua miaka kukua. Ng'oeni kwa mkono, na shimo mlizibe kwa kulikanyaga kwa kisigino. Mkishamaliza, msipande chochote hapo. Nyasi zitarudi zenyewe. Kando ya kijito kilichobaki wazi, hapo sawa, pandeni miche ya miti ya asili iliyookotwa bonde hilohilo.

Ruhusa ni lazima. Ndani ya hifadhi ya taifa hakatwi hata kijiti bila wahifadhi wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kuwepo. Kwenye hifadhi za misitu za serikali mzungumze na TFS, wakala wa huduma za misitu. Kwenye msitu wa kijiji, kamati ya maliasili na serikali ya kijiji. Ipo sababu nyingine ya kutaka mwenye kujua awe nanyi: miche ya baadhi ya miti yetu ya asili ina vijani vidogo vidogo kama vya muwati, na nimeona watu wenye nia njema kabisa wakiing'oa kwa bidii. Ukiwa na shaka, funga kitambaa, songa mbele, mtaalamu atapita.

Jambo linalovunja vikundi vingi ni kuni. Amueni kabla ya panga la kwanza kutolewa kwenye ala: nani anachukua, kiasi gani, au hazitoki kabisa. Na angalieni hili kwa jicho la karibu, kwani mkaa wa miwati ukishakuwa kipato cha kikundi, utashangaa jinsi miti ya mbegu inavyoanza "kusahaulika" kila mwaka pale pale.

Baada ya hapo kazi yote ni kurudi. Fikirieni ghala. Mbegu zilizoko ardhini ni akiba, na kila mche mnaoung'oa ni mbegu moja iliyotoka. Mche ukiachwa ukachanua na kuzaa, ghala linajazwa upya na kazi ya miaka inafutika. Mkirudi kila mwaka kabla mche wowote haujachanua, zinatoka tu, haziingii. Mimi napendekeza mara mbili katika mwaka wa kwanza: wiki chache baada ya mvua za kwanza kushika, na tena mvua zinapoelekea kuisha udongo ungali laini. Safari hizi ni nyepesi, hata bibi na wajukuu wanaziweza, na hakuna anayezipiga picha.

Kabla ya kuondoka, kwangueni tope kwenye mabuti na kukung'uta suruali. Aliyewahi kurudi nyumbani amejaa kishonanguo anajua mbegu zinavyosafiri. Kisha, kabla watu hawajatawanyika kwenda kwenye ulanzi, daftari lifunguliwe. Liandikwe eneo, aina ya mmea, waliokuwepo, na tarehe ya kurudi. Alama za mbao huangushwa na ng'ombe, kwa hiyo pakeni rangi mawe makubwa na muandike namba zake. Yule mzee wa Makete ndiye anayetunza daftari la kikundi chake sasa. Ameniambia bado hajaridhika na jibu langu kuhusu miti, lakini jiwe namba nne wameshalirudia mara tano.