Mgongo wazi ugundulike mtoto akiwa bado tumboni

Mgongo wazi, yaani uti wa mgongo wa mtoto kubaki bila kufunga, unaweza kuonekana kwenye ultrasaundi tangu wiki ya 18 ya ujauzito. Hata hivyo, watoto wengi Afrika Mashariki humfikia daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo wakiwa na siku nyingi tangu kuzaliwa, kidonda kimeshaingia vijidudu na kichwa kimeanza kukua. Siku hizo huokolewa na mambo mawili: ultrasaundi iliyofanyika kwa wakati wake, na mpango wa kujifungua uliokubaliwa kabla uchungu haujaanza.

Tatizo lenyewe huanza mapema mno. Katika wiki nne za kwanza baada ya mimba kutungwa, sehemu itakayokuwa ubongo na uti wa mgongo huwa bapa, kisha kingo zake hujikunja na kukutana hadi kuwa mrija. Kufikia siku ya 28 mrija huo hutakiwa uwe umeshafunga wote. Sehemu ikibaki wazi, mara nyingi kiunoni au chini yake, mishipa ya fahamu hukaa bila mfupa wala ngozi ya kuifunika, na huendelea kuumia kwa miezi yote ya ujauzito. Miguu hulegea, mkojo na haja kubwa havizuiliki vizuri. Ubongo wa nyuma nao huvutwa kuelekea shingoni, njia ya maji ya ubongo huziba, na kichwa hujaa.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apate angalau ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kama uwezo wa familia ni wa ultrasaundi moja tu, ushauri wetu ni kuifanya kati ya wiki ya 18 na ya 22, kwa kuhesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kabla ya hapo umri wa mimba hupimika vizuri, ila viungo vingi bado ni vidogo mno kuchunguzwa.

Mpimaji anayejua kazi yake haishii mgongoni, huangalia kichwa kwa makini. Mwaka 1986 madaktari Kypros Nicolaides, Stuart Campbell na wenzao wa London walieleza kwamba mgongo wazi huacha alama kichwani. Mifupa ya paji la uso hubonyea pande zote mbili, fuvu likachukua umbo la limau. Ubongo mdogo, ule wa kisogoni, hujikunja kama ndizi. Kisha hupimwa upana wa vyumba vya maji ya ubongo: chini ya milimita 10 ni kawaida, 10 na kuendelea maji yamezidi, 15 na kuendelea yamezidi sana. Baada ya hapo mgongo hufuatwa pingili kwa pingili, kutoka shingoni hadi mwisho wa kiuno, kwa urefu na kwa kukatisha. Picha ya urefu peke yake inaweza kupita juu ya tundu dogo bila kulionyesha.

Tatizo hupitwa kwa sababu zinazojulikana. Mtoto amelalia mgongo, au mgongo wake umeegemea ukuta wa mfuko wa uzazi. Maji yanayomzunguka ni machache. Mama amekuja wiki ya 32, wakati kwa watoto wengi alama ya limau imeshapotea. Au, na hii ndiyo inayosikitisha zaidi, kipimo kimeishia kwenye mapigo ya moyo, umri wa mimba na jinsia. Kwa hiyo mama uliza ungali kitandani: mgongo umeonekana wote? Ubongo wa nyuma una umbo la kawaida? Vyumba vya maji vina milimita ngapi? Omba majibu yaandikwe kwenye ripoti. Kama mtoto amelala vibaya, tembea nusu saa urudi, au panga kurudi baada ya wiki moja. Hakuna mpimaji mzuri atakayechukizwa na maswali hayo.

Tatizo likishukiwa, mama hupewa rufaa kwa bingwa ili ultrasaundi irudiwe. Hapo hutazamwa tundu liko sehemu gani ya mgongo, pamoja na miguu, figo na moyo. Tundu likiwa chini zaidi, kwa kawaida miguu hubaki na nguvu zaidi. Kumwona mtoto akirusha miguu tumboni, hata hivyo, si hakikisho kwamba atatembea.

Upasuaji wa mtoto akiwa tumboni upo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2011, wa upasuaji uliofanywa kabla ya wiki ya 26, ulionyesha kwamba waliohitaji mrija wa kutoa maji kichwani ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 40, dhidi ya 82 kwa waliofanyiwa baada ya kuzaliwa. Walioweza kutembea bila msaada wakiwa na miezi 30 walikuwa asilimia 42 dhidi ya 21. Gharama yake kwa mwili ni kubwa: watoto wengi huzaliwa njiti, na mama hubaki na kovu kwenye mfuko wa uzazi litakalomlazimu kujifungua kwa upasuaji mimba zote zinazofuata. Familia nyingi hazitaifikia huduma hiyo, lakini kugundua mapema bado kunabadilisha mengi.

Panga kujifungulia hospitali yenye huduma ya watoto wachanga na daktari wa upasuaji wa ubongo, au iliyo karibu nayo. Anayeishi mbali asogee kwa ndugu mjini kuanzia wiki ya 36. Njia ya kujifungua huamuliwa kwa ukubwa wa kichwa na mlalo wa mtoto.

Mtoto akizaliwa, alazwe kifudifudi au kwa ubavu. Kidonda kifunikwe kwa gozi safi iliyotakaswa na kuloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, na juu yake plastiki safi ili gozi isikauke ikagandana na mishipa. Spiriti, iodini na dawa za kienyeji zisiguse hapo kabisa. Wahudumu watumie glovu zisizo za mpira wa asili, kwa kuwa watoto hawa hupata mzio wake kwa urahisi. Mtoto anyonye kama kawaida. Tundu lizibwe ndani ya saa 48. Kila siku inayoongezeka huongeza hatari ya uti wa mgongo kushambuliwa na vijidudu.

Baada ya hapo mzunguko wa kichwa upimwe kila wiki na kuandikwa kwenye kadi. Ukikua kwa kasi, au utosi ukivimba, rudi hospitali mara moja. Maji hutolewa kwa mrija wa kudumu au kwa njia ya kamera isiyohitaji mrija, ambayo daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf aliiendeleza kwa watoto wachanga katika hospitali ya CURE, Mbale, Uganda.

Kwa mimba inayofuata, kinga ianze kabla ya kubeba. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vina foliki asidi, vitamini inayosaidia kuzuia mgongo wazi, lakini mama anapovipata mara nyingi siku ya 28 imeshapita. Mwanamke yeyote anayetarajia mimba ameze mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla na hadi wiki ya 12. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji miligramu 4 au 5, kwa maelekezo ya daktari. Anayetumia dawa ya kifafa ya valproati amwone daktari kabla ya kubeba mimba, asiiache mwenyewe. Na dozi hiyo ya miligramu 5 isiendelee mama anapoanza SP ya kuzuia malaria, kuanzia wiki ya 13, kwa sababu hupunguza nguvu ya SP; mweleze muuguzi wa kliniki unachomeza kabla hujapewa dozi ya kwanza.